Pikipiki inazimika nikiwa njiani kwenda kazini, nikikaa dakika kumi inawaka yenyewe. Leo imenila na koti

#1 SaaMbiliKamili

Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya cc 150, ya kabureta, nakwenda nayo kazini na kurudi siku tano kwa wiki, kilomita 22 kwenda tu. Hii ni wiki ya tatu inanifanyia mchezo mmoja. Asubuhi inawaka bila shida. Napita mitaani, nakaa kwenye foleni, haina neno. Nikishafika barabara kuu nikaifungulia, baada ya muda inaanza kukohoa, nguvu zinapungua kama kuna mtu kaishika mkia, halafu kimya. Nasogea pembeni. Stata inazunguka vizuri ila injini haishiki. Nakaa kama dakika kumi nikihesabu magari, nikijaribu tena inawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Nimebadilisha plagi. Nimesafisha filta ya hewa. Fundi wa kwanza alisafisha kabureta, wa pili akaisafisha kabureta ileile siku nne baadaye. Nimehama mpaka kituo cha mafuta, maana niliona siku nikijaza tenki ndipo inazimika mapema zaidi, nikasema hapa nauziwa mafuta yenye maji. Nimehamia kituo kingine, hali ni ileile.

Leo ndiyo imenimaliza. Imezimika mahali pake palepale, na mvua nayo ikaanza. Nikavaa koti la mvua harakaharaka, ikawaka, nikaondoka kabla haijabadili mawazo. Vifungo vya chini sikufunga. Sijaenda mita 200 nikahisi navutwa kiunoni na mtu mwenye hasira: upindo wa koti umeingia kwenye cheni. Gurudumu la nyuma likakaza, nikalala upande kama gunia. Namshukuru Mungu nilikuwa gia ya pili. Goti limechubuka, na nimeingia ofisini nikiwa na koti lenye upande mmoja.

Naomba mawazo. Na kama kuna mwingine ambaye pikipiki imewahi kumwaibisha njiani, ajitokeze ili nisijione niko peke yangu.

#2 NatiKumiNaMbili

Pole sana mkuu. Nimeweka kiti mbele kabisa, nasubiri mafundi.

#3 PlagiNyeusi

Koili hiyo, ile inayotengeneza umeme wa plagi, msipoteze muda wa mtu. Koili ikipata moto, waya wa ndani unaachana, cheche zinakata. Ikipoa unagusana tena, pikipiki inawaka. Dakika kumi ndiyo muda wa kupoa. Nimeona hili mara nyingi kuliko nywele zangu. Nunua koili mpya, funga, kesi imekwisha.

#4 GiaYaNne

Pole kaka, goti litapona. Koti ndilo limenigusa, nitalirudia.

Kwa upande wa aibu hakuna wa kunishinda humu. Mwaka wangu wa kwanza na pikipiki, nilitoka kazini, nikaweka ufunguo, taa zote zikawaka, nikabonyeza stata: kimya. Hata kukohoa haikukohoa. Nikasema betri. Lakini honi inalia kama meli. Nikajaribu kuisukuma niishtue kwa gia ya pili, haikushika. Nikaisukuma kilomita moja na nusu kwenye jua, kofia ngumu kichwani kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Kuna mtoto wa shule alikuwa akitembea sambamba nami kwa muda, ananiangalia. Mwishowe akaniuliza, "Shangazi, hicho kitufe chekundu ni cha nini?"

Kitufe chekundu ni swichi ya kuzimia injini. Mtu alikichezea nilipokuwa nimeegesha, au mimi mwenyewe kwa glavu. Nilikirudisha, ikawaka papo hapo. Yule mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo sasa pikipiki ikigoma, kabla ya yote macho yanakwenda sehemu tatu: kitufe chekundu, stendi ya pembeni na koki ya mafuta. Stendi nyingi zina swichi ndogo inayokata umeme ukiingiza gia ikiwa imeshushwa. Tope likiingia kwenye ile swichi, pikipiki inaamini stendi iko chini hata ukiwa umeipandisha. Dalili yake: inaunguruma vizuri ikiwa huru, unaingiza gia, inakufa.

Koti sasa. Usiendeshe na koti refu la kuning'inia. Vaa la vipande viwili, jaketi na suruali, lenye mpira kiunoni. Pia angalia mikanda ya mkoba wa mgongoni na kamba za kufungia mzigo. Cheni haichagui.

#5 KikiYaTatu

Mleta uzi, pole. Kabla ya kununua chochote tujue kwanza kinachokosekana ni mafuta au moto. Mpaka sasa umebadilisha vitu kwa kubahatisha, na huo ndio mwendo wetu wengi.

Safari nyingine ikizimika, usikae kuhesabu magari. Fanya hivi palepale ilipofia, kabla haijapoa wala kupumzika:

Kwanza, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na lile tundu ulikoichomoa, piga stata uangalie kama inatoa cheche. Usiishike kwa mkono mtupu, utarushwa. Cheche ikiwepo, ya buluu, yenye nguvu, basi koili haina kosa.

Pili, rudisha plagi mahali pake kwanza, ndipo uende kwenye mafuta. Chini ya kabureta kuna skrubu ya kutolea mafuta kwenye bakuli. Ilegeze, mafuta yatoke kwenye kichupa. Yanatakiwa yatiririke na yaendelee kutiririka. Yakitoka kidogo yakakata, mafuta hayashuki kutoka kwenye tenki.

Halafu nijibu haya. Je, imewahi kuzimika kwenye foleni, jua kali, mwendo wa kobe? Na siku ulizojaza tenki, unazimikiwa baada ya umbali gani ukilinganisha na siku tenki liko nusu? Swali hilo la pili ndilo linaloniwasha.

#6 PlagiNyeusi

Kiki, maelezo yote hayo kwa ajili ya koili? Haya.

#7 UpepoMdogo

Nikiwa nasubiri majibu ya mwenye uzi, acha niseme langu.

Nilikuwa narudi usiku, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama ng'ombe aliyechoka. Nikadhani ni upepo wa barabarani, nikaongeza mwendo. Kosa. Mkia ukaanza kuchora nane. Hapo ndipo unapojua kama una akili au huna, maana mwili wote unakwambia kanyaga breki. Ukikanyaga breki ya gurudumu lisilo na upepo, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Unachotakiwa ni kuachia mafuta taratibu, kushika usukani wima bila kuubana, kuiacha ipunguze mwendo yenyewe, na ukihitaji breki utumie ya gurudumu lililo zima, kwa upole.

Ulikuwa msumari mmoja tu, mdogo kama wa kiatu. Lakini tairi langu lilikuwa la tyubu, na tyubu ikitoboka inaachia upepo kwa haraka. La bila tyubu lingeng'ang'ania ule msumari na kushuka polepole, pengine ningefika nyumbani nikaugundua asubuhi. Na la bila tyubu unaweza kuliziba njiani kwa ule utambi wa mpira unaosukumwa kwa nje, alimradi tundu liko kwenye uso wa tairi. Ubavuni usizibe kamwe, pale tairi linakunjika kila linapozunguka, utambi utatoka.

Lililoniuma ni lililofuata. Fundi alivua tairi akanionyesha namba nne ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu liliandikwa 1411. Yaani wiki ya 14 ya mwaka 2011. Nilinunua pikipiki iliyotumika, matairi yana kashata nzuri, nikayasifia. Kumbe mpira umezeeka, umekuwa mgumu kama kisigino. Ndiyo maana kila mvua nilikuwa nateleza nikijilaumu sijui kuendesha.

Siku hizi upepo naupima asubuhi kabla tairi halijapata moto, kila wiki. Kingine kinachosahaulika ni ule mpira wa valvu. Ukipinda uone nyufa kwenye shina lake, badilisha. Mate kidogo juu ya tundu la valvu yatakuonyesha kama inavuja: yakifanya povu, kaza sindano ya ndani.

#8 NatiKumiNaMbili

1411 😂 hilo tairi lilikuwa linakaribia kupata kitambulisho.

#9 WayaWaKlachi

Jina langu humu lina historia. Waya wa klachi ulinikatikia kwenye taa nyekundu, mbele ya safu ya magari. Nilikuwa gia ya kwanza, nimebana klachi, ghafla mkono ukalegea, pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi na kuzimika. Nyuma honi zinalia.

Fundi mmoja mzee alinifundisha siku hiyo kwa simu: weka huru, washa, isukume kwa miguu mpaka itembee, gonga gia ya kwanza. Inashtuka kidogo ila inaingia. Kupanda gia huhitaji klachi: unaachia mafuta kidogo tu, unainua gia kwa mguu wakati huohuo, inaingia kama siagi. Kushuka ndiko kunahitaji kusikiliza injini. Nilifika nyumbani hivyo, nikikwepa kila mahali penye kusimama. Taa nyekundu nikiiona mbali napunguza mwendo mapema ili nifike ikiwa kijani. Kama safari ingekuwa ya foleni tupu nisingejaribu, ningeegesha.

Waya wa klachi haukatiki wote kwa mpigo. Unakatika uzi mmoja mmoja pale kwenye kichwa chake, ndani ya mkono wa klachi, mahali usipopaona. Mkono ulianza kuwa mzito wiki mbili kabla, nami nikasema labda nimechoka mimi.

Sasa hivi nina waya mpya niliolaza kando ya ule unaotumika, nimeufunga kwa tepu toka usukani hadi kwenye injini. Ukikatika wa zamani nabadilisha ncha mbili tu. Watu wanauliza kwa nini pikipiki yangu ina waya mbili, nawaambia ni ya kifahari.

#10 MgeniWaMagurudumuMawili

Samahani wakuu, swali dogo. Mimi cheni haijanila, ila nikikaza mafuta gia za juu injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Nilimwaga oili juzi, nikaweka ya gari iliyobaki nyumbani, ile inayosema inapunguza matumizi ya mafuta. Inahusiana?

#11 KikiYaTatu

@MgeniWaMagurudumuMawili inahusiana sana. Pikipiki nyingi sahani za klachi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari, hasa hizo za kubana matumizi, zina dawa ya kupunguza msuguano. Gari linafurahi, klachi yako inateleza. Tafuta oili yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo, yaani oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo, na unene uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Mwaga hiyo leo, usingoje. Mara nyingi klachi inarudi baada ya oili sahihi kuzunguka. Isiporudi, sahani zimeungua.

#12 FyuziMojaTu

Mimi nilikaribia kuuza pikipiki kwa sababu ya boliti moja.

Nikipita tuta, kila kitu kinakata: taa, injini, saa ya mwendo. Nusu sekunde, kinarudi. Usiku, mjue. Nilibadilisha swichi ya ufunguo, nikabadilisha fyuzi, nikafungua waya za taa zote. Mwezi mzima. Siku moja nimeinua kiti kutafuta karatasi za bima, mkono ukagusa waya wa hasi wa betri, ukazunguka. Boliti ilikuwa imelegea kwa mtikisiko. Nusu mzunguko wa bisibisi, basi.

Kwa wanaohangaika na betri, kapimieni kabla ya kununua. Ikiwa imepumzika, betri nzima ya volti 12 inasoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Washa injini, panda resi za kati: inatakiwa ipande kama 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda, betri haina kosa, haichajiwi. Ikipita 15, regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na itakuulia betri mpya pia. Angalieni na soketi ya regyuleta yenyewe, mara nyingi ile plastiki utaikuta imeyeyuka na kuwa kahawia.

#13 SaaMbiliKamili

Asanteni kwa pole. Nimecheka uzi mzima, goti linauma nikicheka.

Kiki, majibu yako. Kwenye foleni haijawahi kuzimika hata siku moja, hata ile siku ya jua la kupasua kichwa nilipokaa karibu saa nzima. Inazimika nikiwa mwendo wa 70 na kuendelea. Tenki likiwa limejaa inazimika kwenye kilomita ya nane au tisa. Likiwa nusu inafika mbali zaidi. Likiwa karibu na rizavu nafika kazini bila kuzimika, ndiyo maana nikasema mafuta ya kituo kile yana shida, nikiyapunguza inapona.

Ya plagi na skrubu sijafanya, nitafanya kesho. Upande wa tenki sidhani kama kuna tatizo. Koki ni safi na mfuniko ni mzima, niliuziba vizuri mimi mwenyewe kwa silikoni mwezi uliopita, maana mvua ikinyesha maji yalikuwa yanaingia kwenye mafuta.

#14 KikiYaTatu

Rudia sentensi ya mwisho, taratibu.

#15 GiaYaNne

😂😂😂 Uliuziba.

#16 WayaWaKlachi

Kaka umeikaba pikipiki shingo mwezi mzima halafu unaipeleka kwa daktari wa meno.

#17 KikiYaTatu

Acheni kumcheka, wa kwanza kumcheka ningekuwa mimi na nimefanya mabaya zaidi.

Mkuu, kwenye pikipiki yako mafuta yanashuka kwa uzito wake tu kutoka kwenye tenki kwenda kwenye kabureta. Hakuna pampu. Kila tone linaloshuka lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake, na hewa hiyo inapita kwenye kitundu kidogo ndani ya mfuniko. Ukikiziba, juu ya mafuta panabaki ombwe, linayavuta mafuta yasishuke. Ni kama ukibana tundu la juu la mrija wenye maji: pindua utakavyo, hayatoki.

Sasa tazama dalili zako mwenyewe, ulizitaja zote. Kwenye foleni injini inakunywa kidogo, na silikoni yako pengine haikuziba kabisa, hewa inapenya kiasi cha kutosha. Ukifungulia mwendo, inakunywa haraka kuliko hewa inavyopenya. Tenki likijaa, nafasi ya hewa juu ni ndogo, kwa hiyo ukitoa mafuta kidogo tu ombwe linakuwa kali. Tenki likiwa tupu nusu, hewa iliyomo ni nyingi, inachukua muda kufikia hapo. Karibu na rizavu unafika kazini. Na zile dakika kumi ulizodhani inapoa, ilikuwa inavuta pumzi na kujaza bakuli la kabureta.

Koili ingekuwa mbovu kwa joto ingekufa kwenye ile foleni ya saa nzima kabla ya mahali pengine popote.

Kesho jaza tenki, nenda, ikizimika fungua mfuniko palepale usikilize.

#18 PlagiNyeusi

Sawa. Lakini asikatae kuwa koili nazo hufanya hivyo.

#19 KikiYaTatu

Hufanya. Hii si yenyewe.

#20 CheniNaMafuta

Wote mmemsahau mgonjwa wa pili. Cheni yake imekula kitambaa na kukaza gurudumu, na bado kesho mnamwambia apande mwendo wa 70!

Mkuu, kabla hujaondoka vua ule mfuniko mdogo wa sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Nakuhakikishia humo mna nyuzi za koti zimejisokota nyuma ya sproketi. Zikiachwa zinasaga sili ya shafti, oili inaanza kuvuja, nawe utakuja kufungua uzi mwingine. Halafu tafuta kiungo cha kuungia cheni, kama chako ni cha klipu. Klipu ikivutwa na kitambaa inaweza kuchomoka au kupinda. Mdomo wake ulio wazi lazima uelekee nyuma, kinyume na mwendo wa cheni, ili kitu kikiigonga kisiisukume itoke. Nimeona cheni iliyokatika kwa mwendo ikajikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua ukuta wa injini. Sikuhadithiwa.

Pima na kulegea. Pikipiki nyingi za ukubwa wako zinataka milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni ya chini, lakini fuata kilichobandikwa kwenye mkono wa nyuma. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, maana cheni iliyochakaa haichakai sawasawa: hapa imelegea, pale imekaza. Irekebishe kwa pale ilipokaza zaidi. Na kagua kama gurudumu limebaki limenyooka. Huo mvuto ungeweza kulisogeza.

Wengi huikaza cheni mpaka ilie kama gitaa wakidhani wanaitunza. Ukikaa juu, shokapu zikishuka, cheni inazidi kukaza, na beringi ndizo zinazolipa.

#21 MiwaniNaMvuke

Mkuu, ulipoanguka kichwa kiligusa chini? Kama kofia imepiga lami kwa nguvu, usiendelee nayo hata kama kwa nje ina mkwaruzo tu. Lile povu la ndani linafanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi.

Mimi shida yangu ni ndogo kuliko zenu ila ni ya kila asubuhi: navaa miwani. Nikifunga kioo cha kofia, mvuke. Nikikifungua, mvua na wadudu. Nimejaribu sabuni ya kuoshea vyombo, kupaka utando na kufuta kwa kitambaa kikavu, inasaidia safari moja au mbili. Kilichonisaidia kweli ni kioo cha pili chembamba kinachobandikwa ndani ya kile cha kwanza, kinaacha hewa katikati. Miwani yenyewe bado inafanya ukungu kwenye taa nyekundu. Naacha kioo wazi kidole kimoja, nikianza kutembea unaondoka.

Na kioo chenye mikwaruzo, mchana hukioni kasoro. Usiku kila taa inayokuja inageuka nyota yenye miguu mia.

#22 SaaMbiliKamili

Kichwa hakikugusa, bega na goti tu. Nimevua mfuniko wa sproketi jioni hii. CheniNaMafuta, nimetoa nyuzi za kutosha kushona mfuko, na kifungo kimoja. Klipu ipo, inatazama nyuma, haijapinda. Kulegea kulikuwa milimita 40 na kitu, nimeirudisha kwenye 25 na gurudumu nimelinyoosha kwa alama za pande zote mbili.

#23 GiaYaNne

Kifungo 😂

Kesho kama mvua itaendelea, zile dakika za mwanzo za mvua ziogope kuliko mvua yenyewe. Oili na vumbi vya barabarani vinaelea juu, lami inakuwa sabuni. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma vuka ukiwa wima, bila breki, bila kukaza mafuta. Na usifanye majaribio ya mfuniko wa tenki kwenye mvua, utarudi kulekule kwenye silikoni.

#24 PlagiNyeusi

Kwa kuwa leo ni siku ya kukiri, nami nikiri. Nilinunua kufuli ya diski ya breki, ile ya kuzuia wezi. Siku ya pili tu nikatoka kazini, wenzangu wote wamesimama mlangoni, nikawasha kwa madaha, nikapiga gia, nikaachia klachi. Gurudumu la mbele likazunguka robo, kufuli ikagonga kaliperi, nikapita juu ya usukani mbele ya kitengo kizima cha uhasibu. Nilipinda diski. Tangu hapo naweka kamba nyekundu toka kwenye kufuli mpaka kwenye mkono wa usukani.

Nimesema.

#25 UpepoMdogo

Tumekusamehe na yale ya koili.

#26 SaaMbiliKamili

Wakuu, ripoti.

Leo hakukuwa na mvua. Nimejaza tenki mpaka shingoni, nikaondoka. Kilomita ya nane na nusu, ikakohoa. Mara ya kwanza maishani nimefurahi pikipiki ikizimika. Nikasogea pembeni, nikaanza na plagi kama mlivyosema: cheche ya buluu, kali. Nikarudisha plagi, nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, yakatoka matone kama ya mtu anayelia kwa kujilazimisha, yakakata. Nikaiacha skrubu wazi na kichupa chini yake, nikaingiza ufunguo kwenye mfuniko. Fyuuuu! Sikutegemea sauti kubwa vile. Na kule chini mafuta yakaanza kutiririka yenyewe.

Nikafunga skrubu, nikawasha, ikashika palepale. Safari iliyobaki nimeendesha na mfuniko haujafungwa sawasawa, mwendo wa taratibu, nikinusa petroli njia nzima. Kitu ambacho simshauri mtu, ila nilikuwa nimeshachelewa. Jioni nimekwangua silikoni yote kwa sindano, nimepuliza kitundu, kinapitisha hewa. Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa 80, tenki karibu limejaa, haijakohoa.

Sasa, kwa nini maji yalikuwa yakiingia mwanzoni? Nimegundua kuzunguka mfuniko kuna kama bakuli dogo, na ndani yake kitundu cha pili kinachoungana na mpira unaoshuka mpaka chini ya pikipiki. Kazi yake ni kuondoa maji ya mvua. Mpira ule ulikuwa umejaa tope gumu. Kwa hiyo maji yalikuwa yanatuama kwenye bakuli mpaka yanapata njia ya kuingia kwenye tenki. Nimeupitisha waya mwembamba ukatoa tope, nikamwaga kikombe cha maji juu, yakatokea chini kwenye sakafu. Siku zote tatizo lilikuwa hilo, mimi nikaenda kuziba tundu lingine.

#27 KikiYaTatu

Safi sana. Ukipata nafasi mwaga bakuli la kabureta kwenye kichupa cha kioo, ukiache kitulie. Kama kuna maji yatakaa chini ya petroli, utayaona mstari wake. Yakiwepo, toa na yale ya chini ya tenki, yasije yakakaa humo yakazaa kutu.

#28 SaaMbiliKamili

Nimefanya. Maji yapo, kama nusu kijiko. Lile la kituo cha mafuta naliondoa, nawaomba radhi popote walipo.

#29 PlagiNyeusi

Hongera mkuu. Kwa hiyo hukununua koili.

#30 SaaMbiliKamili

Niliinunua siku ileile ulipoandika. Ipo ndani ya boksi lake, juu ya nusu ya koti.